Mkono wa Nani Ufike? Mhadhara juu ya Mahali pa Vitu Nyumbani



Nimeombwa nizungumze juu ya kupanga vitu nyumbani, na naona wengine mmekuja na kalamu, tayari kuandika aina za makabati. Nimefundisha sayansikimu kwa miaka mingi. Darasani tuna sura nzima juu ya stoo: kimo cha rafu, upana wake, umbali wake kutoka jikoni, hewa ipite wapi. Mambo hayo ni ya kweli na mengine nitayagusa. Lakini nimeingia nyumba zenye makabati hadi darini, na mkasi ukitafutwa asubuhi unapatikana adhuhuri. Nimeingia pia vyumba vya kupanga visivyo na kabati hata moja, na mwenyewe akiulizwa sindano ilipo anaitoa bila kuinuka. Tofauti haimo katika mbao. Huyu wa pili ameshalijibu swali moja ambalo wa kwanza hajawahi kujiuliza: kitu hiki, mkono wa nani ukifikie, na mkono wa nani usikifikie?

Nataka tulifuate swali hilo kutoka nyumba za mawe za pwani hadi chumba kimoja cha Tandale, Dar es Salaam, na nitamalizia na karatasi, maana huko ndiko familia zetu zinakoumia zaidi.

Tuanze Gedi, kusini ya Malindi, mji ulioachwa na watu wake katika karne ya 17 na kumezwa na msitu. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na kwa kuwa majina ya wenye nyumba yalikuwa yamepotea, nyumba zikaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri. Tajiri wa Gedi aliyejenga kwa chokaa na mawe leo anajulikana kwa mkasi wake. Atakayefika huko, mahali ambapo tangu 2024 pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia, asiishie kwenye msikiti na jumba la mfalme tu; aombe aonyeshwe vyumba vya ndani kabisa. Vipo vyumba vya hazina visivyo na mlango. Kuta zimeziba pande zote, na njia ya kuingilia ni tundu lililo juu ukutani. Fikirini maana yake. Anayetaka kuchukua kitu mle lazima alete ngazi, na ngazi haifichiki. Nyumba nzima itajua kwamba leo hazina imefunguliwa. Wajenzi wale hawakutegemea kufuli peke yake. Walitegemea macho ya watu wa nyumbani.

Lamu walikuja na jibu jingine. Nyumba ya mawe ya Kiamu ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, kwa hiyo upana wa chumba haukuweza kupita mita 3 hivi. Vyumba vikawa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: kutoka daka unaingia tekani, unatokea kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana, kisha ndani, chumba cha mama mwenye nyumba. Katika chumba chembamba namna hiyo, samani iliyotokeza ingeziba njia. Mafundi wakaingiza mahali pa vitu katika unene wa ukuta wenyewe. Hizo ndizo zidaka, safu juu ya safu, zimechongwa kwa lipu ya chokaa, nyingi tunazozijua zikiwa za karne ya 18.

Watafiti hawajakubaliana zidaka zilikuwa za nini. Usam Ghaidan, aliyeipima na kuichora Lamu katika miaka ya 1970, aliziangalia kwa jicho la msanifu majengo. Linda Donley, katika miaka ya 1980, alizihusisha na ulinzi wa chumba ambamo watoto walizaliwa, na vyombo vya kaure vilivyowekwa humo navyo akaviona kama kinga. Wapo wanaoziona kuwa pambo tu la kukifanya chumba chembamba kionekane kuwa na kina. Mimi sitaamua kati yao. Ninachokiona, kwa jicho la kazi za nyumbani, ni kimo na uwazi. Zidaka za chini zinafikiwa na mtu aliyekaa kitandani. Za juu zinamtaka mtu mzima anyooshe mkono, na mtoto hazifikii kabisa. Lakini wote wanaziona. Bakuli likiondolewa, pengo lake linaonekana siku hiyo hiyo, na hakuna haja ya kuhesabu.

Sasa weka kasha mbele ya ukuta huo. Makasha ya pwani, ya msaji, yenye misumari na mabamba ya shaba, mengi yalikuja kwa jahazi kutoka India na Ghuba kabla ya mafundi wa hapa kuanza kutengeneza ya kwao. Ukilifunua kasha moja, upande mmoja unakuta kisanduku kidogo chenye kifuniko chake. Mengine yana droo chini, na mengine yana sehemu ya siri ambayo fundi alimwonyesha mnunuzi peke yake. Kasha linafanya kinyume cha zidaka: linaficha, na ufunguo wake uko kwenye pindo la kanga ya mtu mmoja. Humo ndimo dhahabu ilimokaa, na doti za kanga ambazo hazijakatwa, zilizofukizwa udi na kutiwa karafuu katikati ili nondo wasiingie.

Naipenda sana nyumba hiyo, kwa sababu chumba kimoja kilikuwa na mahali pa namna mbili na kila mtu alijua ipi ni ipi. Cha kuonekana kilionekana, cha kufichwa kilifichwa. Siku hizi vitu vyetu vingi haviko huku wala huko. Viko ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati, nyuma ya begi. Havionekani, lakini pia havijafichwa kwa makusudi. Vitu vya namna hiyo ndivyo vinavyonunuliwa mara ya pili na ya tatu.

Tuingie jikoni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jikoni swali la mkono ni swali la uhai.

Bibi zetu walikuwa na susu, ule ukili au wavu unaoning'inizwa kutoka kwenye paa, bakuli la samaki au chungu cha maziwa kikikaa ndani yake. Paka hafiki, panya anapata taabu, sisimizi hawana njia ila kamba moja tu, na mtoto anatazama tu. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga, na juu ya uchaga mahindi ya mbegu na mtama. Moshi wa kuni ulipanda kila siku, ukakausha nafaka na kuwafukuza wadudu, bila mtu kutenga siku ya kazi hiyo. Mahali pa kuwekea palikuwa pia mahali pa kutibu.

Tumehama kutoka kuni kwenda mkaa na gesi, na kwa ajili ya mapafu ya mama zetu ni jambo jema sana. Lakini tulipouondoa moshi tuliondoa na kazi yake, na wengi hatukuweka kitu badala yake. Gunia la mahindi kutoka shamba linaletwa mjini, linaegemezwa ukuta wa stoo, sakafuni. Saruji ya sakafu inapitisha unyevu, ukuta nao, na ukungu unaanza chini ambako jicho halifiki. Ukungu huo ndio unaozaa sumukuvu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika zaidi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haina harufu ya kuonya, na kuipika hakuiondoi.

Kwa hiyo gunia likae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita nyuma yake. Kabla ya hapo, nafaka iwe kavu kweli. Ukitaka kujua bila mashine, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi kiasi, tia chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikidondoka chini yote, unaweza kuhifadhi. Na ile mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani ya gunia moja, ni kitu cha maana: ukiifunga vizuri, hewa ndani inakwisha na dumuzi wanakufa bila dawa. Ila iwe imefungwa kweli, kila mfuko peke yake. Na mtu asiwe anaifungua kila jioni kwa ajili ya kilo moja ya ugali. Tenga ndoo ya wiki, mfuko mkubwa uachwe.

Jambo la pili la jikoni linanikera kiasi kwamba siwezi kulisema kwa sauti ya chini. Mafuta ya taa tunayaweka kwenye chupa ya soda. Dawa ya kuua kunguni tunaiweka kwenye chupa ya maji. Jiki tunaigawana na jirani kwenye chupa ya juisi. Kisha chupa hizo tunazikalisha sakafuni, pembeni ya jiko, mahali ambapo mkono wa kwanza kufika ni wa mtoto wa miaka miwili. Mtoto huyo anaijua chupa ya soda. Siku ya sikukuu mlimpa, akanywa, mkamchekea. Hana namna ya kujua kwamba hii si ile. Hospitali zetu zinawapokea watoto hawa kila mwaka, na mara nyingi mtu nyumbani ameshamtapisha mtoto kwa kudhani anamsaidia, kumbe mafuta yakipanda yanaingia mapafuni na ndiyo yanayoua. Asitapishwe. Apelekwe hospitali na chupa ichukuliwe pamoja naye.

Lakini tuzuie kabla hatujafika huko. Sumu ibaki kwenye chombo chake, kikiwa na maandishi yake. Ikae juu kuliko mkono wa mtoto aliyepanda kigoda, kwa sababu mtoto hupanda kigoda. Na isikae pamoja na chakula hata kwa usiku mmoja. Dawa za hospitali nazo ziondoke jikoni na bafuni, kwenye joto na mvuke. Pakiti nyingi zimeandikwa zisipite nyuzi 30, na chumba cha bati mwezi wa Februari kinapita kiwango hicho adhuhuri. Zitafutiwe upande wa ukuta usiopigwa na jua, ndani ya bweta lenye kifuniko, juu.

Najua kuna mtu anasema moyoni: mwalimu, unasema juu, pembeni, mbali, nami nina chumba kimoja.

Nakujibu. Nyumba ya Uswahilini Dar es Salaam mnaijua: vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, korido katikati, uani kuna jiko, choo na karo. Ilijengwa kwa familia, ikapangishwa chumba chumba. Uani ni pa wote, kwa hiyo sufuria, jiko la mkaa, beseni na ndoo za maji vinalala ndani na mwenyewe. Usiku chumba kimoja ni jiko, ni stoo, ni sebule, ni kulala. Mpangilio wa vyumba hivi nimeutazama kwa heshima kubwa. Pazia linagawa kitanda na kochi. Kitanda kinainuliwa kwa matofali mawili kila mguu ili uvungu utoshe masanduku. Nguo za kazini zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Sufuria zinaingiana, kubwa nje ndogo ndani. Wenye vyumba hivi hawahitaji somo langu la kubana nafasi.

Ninaloweza kuwaongezea ni hili: mgao ufuate muda. Kinachoguswa kila siku kikae kati ya goti na bega, mbele. Kinachoguswa kila wiki kiende chini ya kitanda, upande wa mbele. Kinachoguswa mara moja kwa mwaka, sweta za safari ya Mbeya, kitanda cha mtoto aliyekua, kiende uvunguni nyuma au juu ya kabati. Tunachofanya sasa ni kinyume. Masufuria ya sikukuu yametangulia mbele kwa kuwa yanapendeza, na chupa ya chai ya kila asubuhi iko nyuma yake. Kila siku mtu anatoa vitano kufikia kimoja, na vile vitano havirudi vilivyokuwa. Vurugu ya chumba inaanza na hivyo vitano.

Tena kitu kikae pale kazi yake inapoanzia. Brashi ya viatu ikae na viatu. Kiberiti kikae juu, karibu na jiko, si kwenye droo ya sebuleni. Sare ya mtoto wa shule, soksi na mkoba vikae pamoja mahali anapofikia mwenyewe, akiwa na miaka sita. Hapa mkono ninaoutaka ufike ni wa mtoto. Wazazi wengi huweka kila kitu mbali na watoto, cha hatari na kisicho cha hatari, kisha wanalalamika kwamba watoto hawajitumi. Mtoto asiyefika mahali pa kitu hawezi kukirudisha.

Sasa niseme juu ya kutupa. Kuna mafundisho yaliyoenea duniani kote, ya Mjapani Marie Kondo, kwamba ukusanye vitu vyako, uvishike kimoja kimoja, na ubaki na vile tu vinavyoufurahisha moyo wako. Namheshimu kwa jambo moja: anawataka watu wavione vitu vyao vyote kwa pamoja, na wengi wetu tungeshtuka. Lakini kipimo chake kinamuuliza mtu mmoja tu. Katika nyumba zetu vitu vingi si vya mtu mmoja. Mkeka mkubwa ule haumfurahishi mtu yeyote mwaka mzima. Siku ya msiba unakaliwa na wazee kumi. Sufuria ya kupikia pilau ya watu hamsini si ya kwako, ni ya mtaa, ila inalala kwako. Kanga aliyoiacha mama haivaliwi, na hakuna wa kukushauri uitupe.

Vitu hivyo visitupwe, lakini pia si lazima kila nyumba iwe na vyake. Vikundi vya kina mama katika mitaa mingi vimelitatua hili kwa akili: wanachanga, wananunua sufuria kubwa, sahani, turubai na viti, vinakaa mahali pamoja, kuna mtunzaji na kuna daftari. Shughuli ikitokea vinatoka, vikirudi vinahesabiwa. Nyumba kumi zimepata nafasi kwa sababu ya stoo moja. Kama mtaa wenu hauna kikundi cha namna hiyo, kianzisheni kabla hamjanunua kabati jingine.

Nifike kwenye karatasi.

Nyumba nyingi zina kabati moja tu linalofanya kazi kweli, nalo ni kumbukumbu ya mama. Kadi ya kliniki iko wapi? Mama anajua. Risiti ya umeme? Mama. Cheti cha kuzaliwa cha Juma, ufunguo wa akiba, pasi ya kunyooshea? Mama, mama, mama. Tunalisifu jambo hili kama upendo, na ni upendo kweli, lakini ni mzigo tuliomtwika mtu mmoja, na siku akilazwa hospitali nyumba nzima inapofuka. Kwa upande wa karatasi mara nyingi ni baba. Hati ya kiwanja, mkataba wa mauziano, kitabu cha benki, anajua yeye, na amevificha ili wasivipate wasiostahili. Kisha anafariki, na wanaostahili nao hawavipati. Mirathi inachukua miaka, ndugu wanatiliana shaka, na karatasi inakuja kuonekana ndani ya jalada la kitabu ambacho hakuna aliyefikiria kukifungua.

Na maji nayo yanazichukua karatasi. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, yaliua watu na kubomoa nyumba, na waliopona walikuta vyeti vya shule na vitambulisho vimekuwa uji. Mtu anayekimbia maji usiku anaokoa watoto. Hana muda wa kufungua droo tatu.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na mfanye wiki hii. Tafuteni mfuko mmoja usiopitisha maji. Ndani yake tieni vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, hati au mkataba wa nyumba, kadi za bima, na karatasi moja yenye namba za akaunti, za vitambulisho na za simu za ndugu. Vilivyo muhimu zaidi vipigeni picha kwa simu, mmtumie pia mtu mmoja aliye mji mwingine. Mfuko ukae juu ya kimo cha kiuno, upande wa mlango, si uvunguni na si chini ya godoro, kwa kuwa huko ndiko maji yanakofika kwanza. Watu wawili wazima wajue ulipo, na mmoja wao asiwe anayelala humo ndani. Kwa mkono wa tatu na wa nne, mfuko huo haupo.

Wosia usikae kwenye mfuko huo peke yake. Kwa walio Tanzania, RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanaandika na kuhifadhi wosia, na mtu anaweza kuuacha huko akiwa hai na mzima. Nyumbani ibaki karatasi fupi tu inayosema wosia uko wapi na msimamizi ni nani. Na mkeo au mumeo asisimuliwe kwa mdomo tu: mwambie asimame, aufungue mfuko mwenyewe mbele yako, asome kila karatasi, aurudishe mahali pake kwa mkono wake.